Somo la Saba: Mashine ya Mchezo Isiyowaka, na Jinsi ya Kuutafuta Umeme Ulikopotelea

Hili ni somo letu la saba juu ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Katika somo lililopita tulijifunza kutumia multimita, yaani kile kipimo kidogo chenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kwamba kipimo hicho kipo mezani na kwamba betri yake ni nzima. Leo tutakitumia.

Somo la leo lahusu mashine ya zamani ya mchezo wa televisheni, ile inayochomekwa kanda kwa juu. Labda utauliza, je, hilo nalo ni jambo la watu wazima? Nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Siku moja ya soko hapa Ngaramtoni, mama mmoja wa kikundi chetu alikuja darasani na kikapu. Juu palikuwa na ndizi, na chini yake palikuwa na mashine ya mchezo iliyofungwa katika kanga. Tulipokwisha kusalimiana aliniambia, "Mwalimu, hiki ndicho kinachonunua madaftari ya watoto wangu, na sasa kimekufa."

Mwanawe mkubwa alikuwa na kibanda kidogo kando ya barabara. Watoto walilipa sarafu, wakacheza kwa zamu. Sasa mashine ilikuwa ikiwaka kwa dakika kama kumi, kisha picha inapotea. Ikipumzishwa nusu saa huwaka tena, na baada ya dakika kumi hupotea tena. Fundi mmoja alibadilisha kipande kile kile mara mbili, na kila mara alilipwa. Mara ya tatu alisema kwamba chipu kubwa imekufa, na kwamba dawa yake ni kununua mashine nyingine. Yule mama alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu wa kumwuzia mbuzi wake ili apate fedha hizo.

Mimi niliitazama ile mashine, nikatikisa kichwa, nikasema, "Pole, mama. Nadhani fundi amesema kweli." Nilisema hivyo bila kupima kitu chochote. Neno hilo nililijutia kabla jua halijatua, na ndilo lililonifanya niliandae somo hili.

MASHINE YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Mashine za namna hii si mpya. Kampuni ya Nintendo ilianza kuuza mashine yake iitwayo Famicom huko Japani mwaka 1983, na kampuni ya Sega ikatoa Mega Drive mwaka 1988. Baadaye viwanda vingine vya Asia vilitengeneza nakala nyingi za Famicom na kuziuza kwa bei nafuu katika nchi nyingi. Kwetu Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970. Nyumba iliyopata televisheni haikukawia kutamani na mchezo wake.

Ukubwa wa umri wa mashine hizi ni faida kwetu. Vipande vyake ni vikubwa, maandishi yake husomeka kwa macho, na njia ya umeme ndani yake ni fupi. Mtu mwenye subira na kipimo anaweza kuifuata njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

ONYO KABLA YA KUFUNGUA

Mashine tunayoizungumzia leo ina adapta iliyo nje, yaani kile kisanduku kinachochomekwa ukutani. Umeme wa ukutani ni wa volti 230, nao waweza kuua. Lakini umeme huo huishia ndani ya adapta. Kinachoingia katika mashine ni volti 9 au 10 tu. Kwa hiyo twaweza kuifungua mashine, lakini adapta hatuifungui kamwe.

Ziko mashine nyingine, kama PlayStation 2 za kwanza zilizotoka mwaka 2000, ambazo waya wa ukutani huingia moja kwa moja ndani yake. Humo mna kapasita kubwa inayohifadhi volti zaidi ya 300, na yaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mashine ya namna hiyo usiifungue kwa sababu ya somo hili. Mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo.

UMEME NI KAMA MAJI YA MFERERJI

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru twaijua mifereji vizuri kuliko vitabu. Maji hutoka mtoni kwenye banio, hupita katika mfereji mkubwa, hufika kwenye mlango wa kila mwenye zamu, kisha huingia migombani. Siku ukikuta migomba yako imekauka, je, huanza kwa kung'oa mgomba? La. Huchukua jembe ukapanda kuufuata mfereji. Hapa pana maji? Pana. Na pale? Hapana. Basi umekwisha kujua kwamba palipoziba ni kati ya hapa na pale.

Ndivyo ilivyo kwa mashine. Adapta ni banio. Tundu la plagi, swichi na fyuzi ni milango ya njiani. Kapasita kubwa ni bwawa dogo linalotuliza maji yasiende kwa mawimbi. Baada yake kuna kipande kinachoitwa reguleta, ambacho hupokea volti nyingi na kutoa volti 5 kamili. Chipu ndizo migomba yenyewe. Fundi anayeanza kwa kubadilisha chipu ni sawa na mkulima anayeng'oa mgomba kwa sababu banio limeziba.

Basi natuufuate mfereji, kituo baada ya kituo.

KITUO CHA KWANZA: ADAPTA

Kwanza soma maandishi yake. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni volti zinazoingia. Adapta iliyotoka Japani huenda ikawa ya volti 100, na iliyotoka Marekani volti 120. Ukiichomeka katika volti 230 itaungua. La pili ni volti zinazotoka. Hizi hapana budi zilingane na zile zilizoandikwa kwenye mashine. La tatu ni ampea. Hapa watu wengi hukosea. Ampea za adapta zikizidi zile zinazotakiwa na mashine, hakuna madhara, kwa maana mashine huchukua kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, adapta italemewa. La nne ni aina ya umeme na upande wa chanya na hasi. Mashine nyingi za namna hii hutaka umeme wa mkondo mnyoofu, lakini Nintendo iliyouzwa Ulaya na Marekani ilikuja na adapta ya mkondo geu. Tena, Mega Drive ya kwanza hutaka hasi iwe katikati ya plagi, na Mega Drive ya pili hutaka chanya katikati, ingawa zote ni za kampuni moja. Tazama mchoro mdogo wa duara na nukta kwenye adapta, ulinganishe na ule wa kwenye mashine. Plagi kuingia katika tundu si ushahidi kwamba inafaa.

Kisha pima. Adapta za zamani zenye uzito, zikipimwa peke yake bila kuchomekwa katika mashine, huonyesha volti nyingi kuliko zilizoandikwa. Ya volti 9 yaweza kuonyesha 12 au 13. Huo si ubovu. Tena adapta mbovu yaweza kuonyesha volti 9 nzuri ikiwa peke yake, kisha ikaanguka mara tu inapoanza kufanya kazi. Punda hapimwi nguvu akiwa hana mzigo. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa mashine ikiwa imewashwa.

KITUO CHA PILI: TUNDU LA PLAGI, FYUZI NA SWICHI

Chomoa adapta, toa kanda, kisha fungua skrubu za mashine. Geuza bodi, utazame miguu ya tundu la plagi mahali ilipolehemiwa. Waya wa adapta huvutwa na watoto kila siku, na risasi inayoshika miguu hiyo hupasuka. Ufa wake huonekana kama pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu. Dalili yake ni kwamba mashine huwaka ukiisukuma plagi upande mmoja na kuzima ukiiachia. Dawa ni kulehemu upya, nayo ni kazi ya dakika chache.

Fyuzi, kama ipo, hupimwa kwa sauti ya multimita: ikilia ni nzima, isipolia imekatika. Lakini kumbuka kwamba fyuzi haikatiki bure. Ukiweka nyingine nayo ikakatika, usiweke ya tatu, wala usiweke kipande cha waya mahali pake. Tafuta kilichoikata.

Swichi ya zamani hushika kutu na vumbi. Pima volti kabla ya swichi, kisha baada yake. Kama upande mmoja pana volti 9 na upande wa pili pana 6, basi swichi inakula volti 3.

KITUO CHA TATU: KAPASITA KUBWA

Hii ni ile yenye umbo la kopo dogo. Itazame kichwa chake. Kikiwa bapa ni vizuri. Kikiwa kimevimba, au pana ute uliokauka chini yake, imechoka. Kapasita iliyochoka huacha mawimbi ya umeme yapite, nawe utayaona kama mistari inayopanda au kushuka katika picha, na pengine utasikia mvumo katika sauti. Ukiibadilisha, angalia kwamba volti zake hazipungui za ile ya zamani, na kwamba mguu wa hasi umerudi mahali pa hasi.

KITUO CHA NNE: REGULETA

Reguleta ya mashine hizi mara nyingi huandikwa 7805. Tarakimu 05 ndizo zinazotaja volti 5. Ina miguu mitatu, na mgongo wa chuma unaofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoozea. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ndio unaopokea, wa katikati ni hasi, na wa kulia ndio unaotoa. Mgongo wake wa chuma nao ni hasi.

Washa mashine. Gusisha waya mweusi wa kipimo kwenye mgongo huo. Gusisha waya mwekundu kwenye mguu wa kushoto, usome. Kisha mguu wa kulia, usome. Fanya pole pole. Ncha ya kipimo ikiteleza na kuunganisha miguu, volti 9 zaweza kukimbilia kwenye chipu zinazotaka 5, na hapo utakuwa umeua kwa mkono wako kile ulichokuja kukiponya.

Majibu yako yatakuwa moja katika haya:

Kushoto pana volti 9, kulia pana 5. Mfereji ni mzima hadi hapa. Tatizo liko mbele, au si la umeme kabisa.

Kushoto pana chini ya volti 7. Rudi nyuma. Reguleta hii huhitaji volti kama 2 zaidi ya zile inazotoa. Yenyewe haina kosa.

Kushoto pana volti 9, kulia hapana kitu au pana kidogo sana. Zima, chomoa adapta, kisha pima ukinzani kati ya mguu wa kulia na wa katikati. Ukiwa karibu na sifuri, kuna shoti mbele: kapasita ndogo, chipu, au mdudu. Naam, mdudu. Mende hupenda joto la mashine, na mzoga wake pamoja na uchafu wake huunganisha njia mbili zisizopasa kukutana. Piga mswaki mkavu, safisha kwa spiriti, acha pakauke, upime tena. Kama ukinzani si karibu na sifuri, basi yawezekana reguleta yenyewe imekufa.

Liko jibu la nne, ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo lililokuwa katika kikapu cha yule mama.

TULIVYOIPATA HITILAFU

Baada ya mimi kutoa hukumu yangu, mzee mmoja wa kikundi, ambaye kwao ni watu wa mfereji tangu babu, aliniuliza, "Mwalimu, umepanda hadi banioni?" Darasa lilicheka. Mimi sikuwa na jibu. Tukafungua mashine.

Adapta ilikuwa imeandikwa volti 12. Mashine ilikuwa imeandikwa volti 9. Kijana akaeleza kwamba adapta ya kwanza iliungua, naye akanunua hii mezani kwa muuza vitu vilivyotumika, kwa kuwa plagi yake iliingia.

Tulipima. Kushoto kwa reguleta palikuwa na volti 12. Kulia palikuwa na volti 5 kamili. Picha ilikuwa nzuri. Nikataka kufunga, lakini yule mzee akasema tungoje. Tukaacha kipimo mahali pake. Dakika ya tisa picha ilitikisika. Kushoto palibaki 12, lakini kulia pakashuka hadi chini ya 3, na picha ikapotea. Kijana akasogeza kidole karibu na reguleta, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Reguleta hii hutupa zile volti zinazozidi kwa kuzigeuza kuwa joto. Joto hilo ni volti zilizozidi mara ampea zinazopita. Tuseme mashine yatumia nusu ampea. Kwa adapta ya volti 9, zinazidi volti 4. Nne mara nusu ni wati 2. Kwa adapta ya volti 12, zinazidi volti 7. Saba mara nusu ni wati 3 na nusu. Yaani kipande kile kile kimebebeshwa karibu mara mbili ya mzigo wake.

Watengenezaji waliitia reguleta hii akili moja: ikipata moto kupita kiasi, hujifunga yenyewe isiungue. Ikipoa hujifungua. Ndiyo sababu mashine ilikuwa ikifa na kufufuka. Chipu kubwa haikuwa na neno. Hata reguleta haikuwa imekufa, ilikuwa ikijilinda.

Tulipoinamisha taa tuliona na jambo la pili. Skrubu ya kuifunga reguleta kwenye bati la kupoozea haikuwapo. Bila shaka ilisahauliwa wakati wa kubadilisha kipande. Hata wati 2 ni nyingi mno kwa reguleta iliyosimama peke yake bila bati.

Tusimcheke yule fundi. Alikiona kipande kilichokuwa cha moto, akakibadilisha. Lakini alitengeneza mahali palipoumia, hakutafuta kinachoumiza. Nami sikumzidi, kwa maana mimi sikupima hata mara moja.

Tulipata adapta ya volti 9, ampea 1, yenye hasi na chanya upande unaotakiwa. Tukatia skrubu na nati, na mafuta kidogo ya kupitisha joto kati ya chuma na bati. Mashine iliwaka saa nzima mezani, huku sisi tukiendelea na hesabu. Gharama yake ilikuwa ni ya adapta na skrubu moja. Yule mama alifunga kikapu chake, akaniambia, "Basi mbuzi wangu haendi sokoni." Wiki iliyofuata watoto wake walikuwa na madaftari.

YA KUKUMBUKA

Soma kabla ya kuchomeka. Pima kabla ya kubadilisha. Anza kwenye chanzo, uende mbele kituo kwa kituo, wala usiruke. Hitilafu inayokuja na kuondoka ipimwe wakati ilipo, si wakati imeondoka. Na mtu akikuambia chombo chako kimekufa, muulize kwa adabu, "Ulipima wapi, na ulipata volti ngapi?" Fundi wa kweli hatachukia swali hilo. Atakuonyesha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Adapta imeandikwa volti 9 na ampea 2. Mashine imeandikwa volti 9 na ampea 1. Je, zinafaa pamoja? Kwa nini?

2. Mguu wa kushoto wa reguleta una volti 6, wa kulia una volti 4. Utatafuta hitilafu mbele au nyuma?

3. Fanya hesabu ya joto kwa adapta ya volti 10, ikiwa mashine yatumia nusu ampea.

4. Kila mmoja ataje chombo kimoja cha nyumbani kwake alichoambiwa kwamba kimekufa. Je, kilipimwa?

Kabla ya somo lijalo, kila mwanakikundi asome maandishi ya adapta zote zilizomo nyumbani mwake, aandike volti, ampea, na upande wa chanya. Asizifungue. Katika somo la nane tutazungumza juu ya kulehemu kwa usalama. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena.